Mkalimani na Mashine za Mbinguni

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hao hawakuwahi kufika Ihengelo, maana Mzee Timotheo Kikoti aliitembea njia hiyo miaka thelathini na ushee, mchana kweupe, mbele ya madhabahu, koti la suti begani, wala hakuona mwisho wake. Na watu walimpigia makofi.

Ihengelo ni kijiji cha juu ya Ilula. Ukisimama uwanja wa kanisa unaziona kule chini ndoo za nyanya zimepangwa kando ya barabara kuu, na mabasi ya Mbeya yanavyosimama kidogo abiria wanunulie dirishani. Usharika wake wa Kilutheri una marafiki ng'ambo, na marafiki hao huja kila kiangazi. Mgeni akija lazima aseme neno, neno lake lazima litafsiriwe, na mtafsiri alikuwa Timotheo. Angekuwa nani mwingine? Ujanani alikuwa mhudumu kwenye hoteli moja ya Mbeya mjini, akiwapelekea wataalamu wa miradi chai na maji ya moto vyumbani. Kiingereza chake alikiokota humo humo, sinia mkononi. Kilikuwa Kiingereza safi kabisa, ilimradi mnaongelea mayai, mashuka na saa ya kuondoka. Siku aliyorudi nyumbani kuoa, mgeni wa kwanza alikuwa amesimama kanisani anatabasamu tu, hana wa kumsemea. Mchungaji wa wakati ule akauliza nani anajua Kiingereza. Timotheo akanyoosha mkono.

Sasa, mgeni hawezi kufunga safari yote ile aje kuongelea mashuka. Hapo ndipo mambo yalipoanzia. Mgeni anatiririka, Timotheo amedaka "asubuhi" na "maji". Afanye nini? Akae kimya mgeni aaibike, na watu wamepanda kilima na watoto mgongoni? Timotheo alikuwa na huruma, jamani, hilo watu hawalisemi. Akawa anayachukua yale mawili matatu aliyodaka, anayatia chumvi, anayavika methali za Kihehe, anawapa watu yakiwa bado ya moto. Mgeni akiinua mkono, naye anainua. Mgeni akishusha sauti, naye anashusha. Watu wakicheka, mgeni naye anacheka, anadhani amechekesha.

Kuna mwaka alikuja mzee mmoja mkulima, mzungu wa watu, mpole, akaeleza jinsi baridi ya kwao ilivyomharibia viazi. Timotheo alidaka viazi. Akatoa hapo kisa cha mjane aliyempikia mpita njia viazi vyake vya mwisho, asubuhi akaamka akakuta shamba zima limejaa. Akina mama walilia. Yule mzee kuona wanalia, naye akatoa leso akalia. Aliporudi kwao alituma salamu kwamba amezunguka dunia, hajaona watu wenye uchungu na viazi vya mwenzao kama watu wa Ihengelo.

Basi usharika ukavuma kwamba wageni wake wana hekima. Watu wa sharika za jirani walikuwa wanapanda kilima kuja kuwasikiliza. Hakuna aliyejiuliza imekuwaje wazungu wote hao wanajua methali za Kihehe. Ni Mwalimu Shedrack tu, anayefundisha Kiingereza sekondari, kijana aliyesomea chuo Mbeya, aliyewahi kumnong'oneza mwenyekiti wa wazee wa kanisa kwamba tafsiri ya Mzee Timotheo ina walakini. Mwenyekiti akamwambia aache wivu. Tangu hapo Shedrack alikaa benchi la mbele kila mgeni alipokuja, amekunja mikono, anasubiri. Alisubiri sana.

Halafu akaja Eveline.

Eveline hakuwa mgeni hata kidogo. Ni mtoto wa Tekla, muuza nyanya wa pale barabarani, amezaliwa Ihengelo na kubatizwa Ihengelo. Kichwa chake kilikuwa chepesi, akasoma, akasoma tena, mpaka akatokea Uholanzi, na huko akawa daktari. Si wa sindano, wa nyota. Alikuja Julai, baridi ile ya kukunja vidole, kumwona mama yake. Wazee wakasema lazima aseme neno kanisani. Eveline akasema sawa, nitaongea na watu Kiswahili, kidogo tu, nisiwachoshe.

Wazee wakatazamana. Mzee Filemoni, yule mwenyekiti, mtu mwenye suti moja na msimamo mmoja, akakohoa.

"Haiwezekani mwanangu. Mtoto wa Obeid alitoka Sweden akaongea Kiswahili hapa hapa. Watu walisemaje? Walisema kumbe huko alikuwa anaosha vyombo. Profesa anaongea Kiingereza, pembeni anasimama mkalimani. Sasa usipokuwa na mkalimani watakujuaje?"

Eveline akakimbilia kwa mama yake apate mtetezi. Tekla akaweka ndoo chini, akajishika kiuno. "Yaani mi nimekaa juani miaka yote hiyo nakusomesha, leo uje uongee Kiswahili kama mimi? Thubutu!"

Ikaisha hapo. Mtoto wa Ihengelo angesema na watu wa Ihengelo kwa Kiingereza, kisha Mzee Timotheo angewageuzia watu hao maneno ya mtoto wao.

Taarifa ilimkuta Timotheo nyuma ya nyumba anapasua kuni. Aliliacha shoka limekwama kwenye gogo akakaa chini. Maskini Timotheo! Miaka yote alisimama katikati ya watu wasioelewana, na hapo katikati ndipo alipopata hewa yake. Leo asimame na mtu anayejua huku na huku! Kila atakalozua, Eveline atalisikia. Akitoka nje ya mstari mara moja tu, mtoto wa watu atageuka na kusema, "Mimi sikusema hivyo." Mbele ya usharika mzima. Mbele ya Shedrack. Na hapo watu watajiuliza kuhusu wageni wote waliotangulia, mmoja mmoja, hadi wamfikie yule mjane wa viazi. Jina lake lote lingemwagika siku moja, na jina ndicho kitu pekee alichokuwa nacho kikubwa kuliko cha jirani.

Jioni ile akaanza kuumwa. Alimwambia mkewe, Sabina, kwamba ni malaria, Jumapili hataweza kusimama.

"Malaria gani inamaliza ugali sahani mbili?" Sabina akauliza.

"Hii imepanda kichwani."

"Basi imepotea njia, huko haitapata chakula. We mwanamume, nenda kaongee na mtoto wa Tekla. Yule si chui."

Jumamosi akajikokota mpaka kwa Tekla. Alimkuta Eveline amekaa kwenye kigoda anachambua nyanya, mbivu huku, za kusafirisha kule, na vidole vyake bado vinakumbuka kazi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu, kamwene. Nimekuja tupange kazi yetu. Sisi wakalimani tunapenda kujiandaa." Hajawahi kujiandaa tangu azaliwe. "Utaongelea nini hasa?"

"Galaksi zinazotoa eksirei, baba. Zilivyokuwa zamani, na zilivyobadilika mpaka leo."

Timotheo akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyetajiwa bei ya kawaida. "Vizuri, vizuri. Na humo ndani kuna kisa chochote? Safari? Mjane?"

Eveline akacheka mpaka nyanya ikamponyoka. "Hakuna mjane, baba."

Timotheo alirudi nyumbani akiwa mgonjwa kweli.

Jumapili kanisa lilifurika. Neno la mgeni liliwekwa mwisho wa ibada, kabla ya mnada wa sadaka, na nje jogoo wa mnada alishafungwa mguu kwenye nguzo anawika kwa hasira. Tekla alikaa benchi la tatu na kitambaa kipya kichwani. Shedrack alikuwa mahali pake, mikono imekunjwa. Eveline akasimama na kipaza sauti, Timotheo kushoto kwake, koti begani. Salamu zilipita salama, hata hoteli ilikuwa na salamu. Kisha Eveline akavuta pumzi akasema sentensi moja ndefu, na ndani yake Timotheo akadaka "katikati" na "kula".

Kula! Neno la hotelini hilo. Ulimi wake, kwa mazoea, ulishapata kisa: mtu mmoja alikaa katikati ya kijiji, akila vya watu asishibe. Akafungua mdomo. "Anasema hivi," akaanza, kama anavyoanza siku zote. Kisha akamwangalia Eveline.

Eveline alikuwa anamtazama bila ubaya wowote. Alikuwa anasubiri kusikia. Miaka yote ile hakuna mgeni aliyesubiri kusikia. Walisubiri tu zamu yao ya kuendelea. Kisa kikamrudi Timotheo kooni. Kanisa likanyamaza, yeye akanyamaza, jogoo akawika, na Shedrack, kwa mara ya kwanza, akakunjua mikono.

Eveline akafunika kipaza sauti kwa kiganja, akainama kama anayeomba maji, akamnong'oneza kwa Kihehe. "Baba, usihangaike. Nakujua tangu ile siku ya viazi. Nilikuwa kidato cha tatu, nilimwelewa yule mzee mwanzo hadi mwisho."

Timotheo akamsogelea. "Na ukanyamaza?"

"Kisa chako kilikuwa kizuri kuliko chake. Ila hiki changu, baba, nakuomba ukiseme kilivyo. Mama yangu yuko pale, hajui mpaka leo mimi nafanya kazi gani. Nitakwambia kwa Kihehe, we waambie kwa Kiswahili."

Hivyo ndivyo ilivyokwenda. Kwanza Kiingereza, ili profesa awe profesa. Kisha kiganja juu ya kipaza sauti na Kihehe cha pua kwa pua. Kisha Kiswahili. Watu waliona wawili wale wanainamiana kila mara na wakadhani mzee anasahau.

"Anasema," Timotheo akaanza, sauti ikitetemeka, "kuna mwanga ambao macho yetu hayauoni. Ni huu huu wa eksirei ya hospitali. Huko juu unamiminika wakati wote, ila hewa yetu inauzuia, haufiki chini. Kwa hiyo wanarusha vyombo vyao juu ya hewa, vikautazame huko."

Akainama, akasikiliza, akainuka.

"Galaksi ni kijiji cha nyota. Hata sisi tumo kwenye kimoja, ule ukanda mweupe mnaouona kiangazi. Na kila kijiji kikubwa, katikati yake kuna shimo jeusi. Linameza. Gesi ikisogea karibu inavutwa, inazunguka, inabanana, na kabla haijamezwa inapata moto mkali mno, ndio inatoa hiyo eksirei." Hapo akasita. Hakuwa amelielewa, na kwa mara ya kwanza maishani mwake jambo hilo likamsumbua. "Samahanini, ngoja nimuulize."

Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Timotheo kuuliza? Tangu lini?

"Moto unatoka wapi, kama hakuna aliyewasha?" alimuuliza Eveline kwa Kihehe.

"Ni kusuguana, baba. Vitu vinabanwa, vinasuguana."

"Kama unga? Ukienda mashineni, mahindi umeyapeleka ya baridi, unga unatoka wa moto?"

Macho ya Eveline yakang'aa. "Hivyo hivyo! Mimi miaka yote hii sijapata mfano kama huo."

Basi Timotheo akanyooka, moyo unamdunda, akawaambia. Mbinguni kuna mashine za kusaga. Shimo jeusi ndiyo mashine, gesi ndiyo mahindi, na eksirei ndio ule moto wa unga. Aliwaambia kwamba mwanga nao husafiri, unachelewa njiani, kwa hiyo kijiji cha mbali unakiona kilivyokuwa zamani, siyo kilivyo leo. Hakuna binadamu aliyekaa akaona galaksi moja ikikua mpaka ikazeeka. Ila wanatazama za mbali sana, ambazo wanaziona changa, wanatazama za kati, wanatazama za karibu, ndipo wanajua umri unavyokwenda. "Ni kama mgeni akiingia humu kanisani leo tu. Ataona kichanga, ataona kijana, ataniona mimi. Hakutukuta tangu utoto, lakini maisha ya mtu ameshayajua."

Eveline akanong'ona kwa kirefu zaidi. Timotheo akasikiliza amefumba macho.

"Anasema miaka bilioni kumi iliyopita ndio msimu wenyewe ulikuwa. Gesi tele, mashine zinanguruma kila kona, vijiji vinazaa nyota bila kupumzika. Na zile mashine kubwa kabisa, zilizokuwa na fujo kuliko zote, ndizo zilizotangulia kunyamaza. Ndogo zikabaki zinasaga polepole, nyingine mpaka leo. Ile ya kwetu sisi karibu imelala. Na nyingine zimefichwa na vumbi, huzioni, ila eksirei iliyo kali inapenya vumbi inatoka, ndio inawaambia kwamba humo ndani kuna kazi. Anasema," na hapa sauti ya Timotheo ikakwama, kwa kuwa jambo lenyewe lilimgusa asivyotegemea, "anasema sisi tumekuja msimu umeshapita. Tunasikia mlio wa mashine nyingi ambazo zilishazimwa kabla dunia haijawepo."

Akaishia hapo. Hakuweka methali. Hakuweka mjane. Jasho lilimtoka na baridi yote ile, na alijisikia mwepesi ajabu, kama mtu aliyetua gunia. Eveline alimshika mkono mbele ya watu. Makofi yalipigwa, yale ya adabu, yanayoisha kabla hayajaanza vizuri. Mama mmoja alishaanza kumvalisha mtoto viatu. Watu wakatoka nje kumgombania jogoo.

Timotheo aliitwa chumba cha mchungaji. Wazee walikuwa wamekaa kimduara, na Shedrack yumo, sijui aliitwa na nani. Eveline alikuwa mlangoni akiaga. Filemoni akaanza kwa upole, na Mzee Filemoni akiwa mpole ujue maji yamefika shingoni.

"Ndugu yangu Timotheo, umetumika. Hujawahi kutuangusha. Wageni wote waliopita hapa umewasemea vizuri, neno kwa neno. Lakini leo, Timotheo! Mtoto katoka Uholanzi na elimu yake, wewe unamsemea mashine ya kusaga? Profesa mzima aje aongelee unga?"

"Na ile bilioni kumi," mzee mwingine akadakia. "Hata kama ni kuongeza chumvi, uwe unaonja."

"Sasa tujiulize," Filemoni akaendelea. "Wageni wa zamani, hata wakulima tu wa viazi, walitutoa machozi. Leo profesa hajamtoa mtu hata chozi moja. Kosa ni la profesa?"

Wazee wakasema hapana, haiwezi kuwa la profesa.

Eveline akaingia ndani kabisa. "Wazee wangu, naomba niseme. Alichosema ndicho nilichosema. Hata mashine ni sawa. Hakuongeza, hakupunguza."

Filemoni akamtazama kwa upendo, kisha akawageukia wenzake. "Mnaona malezi ya Tekla? Mtoto amesoma kote huko, bado anajua kumsitiri mzee. Ahsante mwanangu, tumekuelewa."

"Baba, simsitiri, ndivyo..."

"Tumekuelewa, mwanangu."

Shedrack akakohoa, akasema kwamba yeye kama mtaalamu wa lugha, kwa kweli, hakusikia mahali popote mgeni aliposema unga. Na alikuwa sahihi.

Macho yote yakamrudia Timotheo. Kilichokuwa kinatakiwa ni sentensi moja. Angesema tu: wazee wangu, zile za zamani ndizo nilizozua, hii ya leo ndiyo ya kweli. Ilishafika kwenye ulimi. Lakini akaona itakavyokuwa: akina mama wale waliolia, wengine wameshazikwa na mjane wao wa viazi moyoni. Filemoni mwenyewe alimzika mtoto wake akijifariji kwa neno moja la mgeni kutoka Denmark, neno ambalo mgeni wa Denmark hakulisema kamwe. Ili leo yake iaminike, ilibidi aibomoe jana yote. Akamwangalia Eveline, na Eveline alikuwa anamwomba kwa macho aseme. Iliuma. Tusidanganyane, iliuma kuliko kisu, kwa kuwa ndiyo kazi pekee ya haki aliyowahi kuifanya akiwa amesimama pale mbele, na alitaka mno watu waijue.

"Mmesema kweli, wazee wangu," akasema. "Nimezeeka. Leo nilichanganya."

Wazee wakashusha pumzi. Wakamshukuru, wakamwombea, wakampa Shedrack kazi kabla ya amina.

Nje, mnada ulishaisha, manyoya mawili ya jogoo yamebaki uwanjani. Eveline alikuwa amesimama na machozi ya hasira.

"Kwa nini, baba? Nilikuomba kitu kimoja tu."

"Ulichoniomba si nilikifanya? Nilikisema kilivyo. Uliniomba nikiseme, hukuniomba kiaminiwe." Akavaa koti vizuri, akalifunga vifungo ambavyo hakuvifunga miaka. "Halafu wewe si ndiye umesema mwanga unachelewa? Hawa wananiona nilivyokuwa zamani. Waache. Kule zamani nilikuwa nawaka."

Eveline akataka kukasirika zaidi, akacheka, akalia. Tekla akaja anatweta, amebeba jogoo kwapani, maana ndiye aliyeshinda mnada, uso unameremeta kwa furaha.

"Mwanangu, umenitoa kimasomaso! Kile Kiingereza, jamani! Sijaambulia hata neno!"

"Na Kiswahili, mama? Alichosema Mzee Timotheo?"

"Aa, hicho sikukisikiliza," Tekla akasema. "Nilikuwa nakusikiliza wewe."

Kiangazi kilichofuata akaja mgeni mwingine, naye wa viazi, huko kwao inaonekana ndicho kilimo chao. Alieleza habari za mbolea. Shedrack akatafsiri mbolea yote, kilo kwa kilo, hakuacha mfuko hata mmoja. Watu walisinzia kwa heshima. Walipotoka nje Mzee Filemoni alisimama uwanjani akatikisa kichwa, akasema wageni wa siku hizi hawana neno, wageni walikuwa wa zamani. Wote wakakubali. Timotheo, aliyekuwa amekaa benchi la nyuma, akakubali kuliko wote.

Wiki ile ile alimsindikiza Sabina mashineni. Walingoja foleni yao, mahindi yakamiminwa, injini ikanguruma, unga ukaanza kushuka kwenye gunia. Sabina akaingiza mkono kuupima kama ni laini, akauacha humo humo mkono muda mrefu kuliko unavyohitaji unga. Mume wake aliangalia pembeni. Walipokuwa njiani, yeye anasukuma baiskeli na gunia, mkewe nyuma analishikilia, Sabina akasema:

"Siku ile ya mtoto wa Tekla ulikuwa unasema kweli."

"Nani kakwambia? Wazee walisema nilizua. Hata mimi mwenyewe nilikiri."

"Wazee wanajua nini? Siku ile ulikuwa unababaika. Mi nimeishi na wewe, Timotheo. Ukidanganya hubabaiki hata kidogo."

Timotheo akasimamisha baiskeli. Akageuka, akafungua mdomo amjibu mkewe, na akababaika.